Hukumu ya Kitabu Kisichofika

Kungoja ni kazi ambayo kila mtu huifanya, lakini ni wachache waliojifunza kuifanya vizuri. Mkulima hungoja mvua, msafiri hungoja chombo, mgonjwa hungoja nafuu, na mwanafunzi hungoja matokeo ya mtihani. Katika kungoja huko moyo haukai bure. Hupanga, huogopa, husifu na hushutumu. Na mara nyingi kitu kinachongojwa kinapofika, hukuta kesi yake imekwisha kuamuliwa. Nataka tuulizane swali moja, msomaji wangu: je, ni haki kukihukumu kitu ambacho bado hakijafika? Nitachukua mfano wa jambo dogo, nalo ni kitabu cha mchezo. Maana tabia ya moyo huonekana wazi zaidi katika mambo madogo, ambapo mtu hajihadhari.

Tuseme kwamba Garsen, mji ulio karibu na pale ambapo barabara ya kutoka Malindi kwenda Lamu huuvuka Mto Tana, wako vijana watano wa shule ya sekondari ambao hukutana kila Jumamosi alasiri. Mmoja ni mtoto wa mkulima wa Kipokomo. Wa pili ni mtoto wa mfugaji wa Kiorma. Wa tatu amezaliwa Kipini, ambako mto huingia baharini. Wawili waliosalia wamefuatana na wazazi wao waliokuja kufanya kazi. Vijana hawa hawachezi mpira wala karata. Mchezo wao huchezwa mezani kwa karatasi, kalamu, na dadu za maumbo mbalimbali, nyingine zina pande 20. Mmoja wao huwa msimulizi. Huwaambia wenzake: "Mmefika kivukoni usiku. Mtumbwi upo, mwenyewe hayupo, na nyuma yenu mnasikia nyayo. Mtafanya nini?" Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, huyu mganga, yule mwindaji, mwingine askari aliyekimbia jeshi. Kila mmoja husema mhusika wake atafanya nini, na penye shaka dadu hutupwa ili ijulikane kama amefaulu au ameshindwa.

Mchezo wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha ule uitwao Dungeons & Dragons. Jina lake ni geni kwetu, lakini kiini chake si kigeni. Nani katika pwani yetu hakupata kukaa jioni akasikia, "Kitendawili!" naye akaitika, "Tega"? Na ajapo kushindwa kutegua, huombwa mji. Huutoa mji kwa neno, na mtegaji huupokea kwa neno, akasafiri kwenda huko bila ya kuinuka mkekani. Kuumba ulimwengu kwa maneno kati ya watu wawili au watano ni ustadi wa wazee wetu kabla haujawa bidhaa ya mtu yeyote.

Mchezo wa mezani wa aina hii waweza kuendelea kwa miezi, hata miaka, katika safari moja ndefu yenye miji, watawala, hatari na siri. Msimulizi aweza kuitunga safari hiyo mwenyewe. Lakini aghalabu hununua kitabu kilichoandikwa kwa kazi hiyo. Tukiite kitabu cha safari. Ndani yake mna ramani, habari za watu na mahali, na matukio ambayo yaweza kutokea. Kitabu hicho si hadithi kamili, kwa sababu mwandishi hawajui watakaotenda ndani yake. Ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili wanayo wachezaji.

Sasa vijana wetu wamepata habari kwamba kitabu kipya cha safari kitatoka baada ya miezi 6. Wameiona picha ya jalada, na wameyasoma maneno machache ya mchapishaji. Kijana wa kwanza anasema hakijapata kutokea kitabu kama hicho. Wa pili anasema ni upuuzi, kwa kuwa mchapishaji huyo huyo alitoa kitabu hafifu zamani. Wamebishana mpaka wamenuniana. Na kitabu chenyewe bado hakijatoka mtamboni! Je, wamekosa nini vijana hawa?

Wengine watajibu upesi kwamba kosa lao ni kutumaini au kuogopa kabla ya wakati. Mimi siafiki. Mtu asiyetumaini chochote hawezi kujitayarisha kwa chochote. Mtazame mkulima wa Tana. Mto huu umetoka katika Mlima Kenya na Nyandarua, umekwenda karibu kilomita 1,000, nao hufurika aghalabu mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli. Mkulima wa bondeni hawezi kungoja mpaka maji yamfike magotini ndipo aanze kutafuta mbegu. Husafisha shamba, huweka mbegu mahali pakavu, hutazama mawingu ya bara, husikiliza habari za walio juu ya mto. Hayo yote ni kutumaini, nako ni kutumaini kwenye akili. Lakini hatangazi kijijini kwamba amevuna. Anajua kwamba maji yaweza kuja haba, au yaweza kuja mengi yakachukua mpunga, nyumba na daraja. Mafuriko ya mwaka 1997 na 1998, na yale ya 2023 na 2024, yaliwafundisha hata waliokuwa wamesahau.

Basi kuna tofauti kati ya makadirio na hukumu. Makadirio yana neno "huenda" ndani yake, na mwenye kukadiria anaweza kukuambia ni jambo gani litakalombadilisha nia. Hukumu imefunga mlango. Ukitaka kujua kijana yuko upande gani, mwulize swali moja: "Kitabu kikifika, utaona nini ndani yake hata ukubali kwamba ulikosea?" Akiwa na jibu, anakadiria. Akikosa jibu, au akikasirika, amekwisha kuhukumu.

Pengine utaniuliza, msomaji: fedha za vijana ni chache, kitabu ni ghali, na lazima waamue kukinunua au kutokinunua kabla ya kukisoma, si hiyo ni hukumu? La. Ni uchaguzi, na uchaguzi mwingi wa maisha hufanywa gizani. Mtu huoa, hupanda chombo, huingia chuoni, kabla hajaona mwisho. Aibu haiko katika kuchagua bila ya ujuzi kamili. Aibu iko katika kujifanya kwamba ujuzi ule upo. Kijana akisema, "Nitachanga fedha yangu kwa sababu mwandishi huyu alinipendeza zamani, nami naweza kupata hasara," amesema kweli. Akisema, "Kitabu hiki ni bora," amesema asilolijua, hata kama baadaye kitakuwa bora kweli.

Tena tujihadhari na wasemaji. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mchapishaji hukisifu kitabu kwa sababu anataka kukiuza, na hakuna wa kumlaumu, maana hiyo ndiyo kazi yake. Lakini wako pia wanaokishutumu kitabu kabla ya kukisoma ili waonekane kuwa werevu kuliko wenzao. Hao nao wanavuta ngozi. Kulaumu hakukufanyi kuwa mwadilifu zaidi ya kusifu. Wote wawili ni sawa mpaka jalada lifunuliwe.

Ama kitabu kitakapofika, kipimwe kwa mizani gani? Iko mizani mingi: lugha, ramani, picha, bei. Mimi nitataja miwili, kwa sababu nchi ya Tana yenyewe inanifundisha.

Mzani wa kwanza nimeupata Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River. Huko, katika miaka ya 1950, palianzishwa mashamba ya kumwagilia maji. Mitambo ya kuvuta maji iliwekwa ukingoni, mifereji ikachimbwa, mashamba yakapimwa mistari iliyonyooka. Mwaka 1989 mto ukabadili njia yake. Mitambo ikaachwa mbali na maji, na mashamba yakalala kwa miaka mingi. Hesabu za mafundi zilikuwa sahihi kwa mto waliouona siku walipozipiga. Lakini hazikumwachia mto nafasi ya kuwa mto.

Kitabu cha safari ni mpango, na wachezaji ndio mto. Mwandishi amekadiria kwamba watavuka kivuko na kupigana na walinzi. Wao wanaamua kukaa na walinzi, kuwapikia, na kuwauliza habari za nyumbani kwao. Hapo ndipo thamani ya kitabu itakapojulikana. Kitabu dhaifu kimepanga matukio tu, hili kisha lile, na mchezaji akitoka katika mstari msimulizi hubaki kama mtambo mkavu; basi huwarudisha wenzake kwa nguvu, akifunga kila njia isipokuwa moja. Hao hawachezi tena, wanasomewa. Kitabu chema kimeeleza sababu za mambo: nani anataka nini, anaogopa nini, amemkosea nani. Ajuaye sababu ataweza kujibu tendo lolote la wachezaji, kama vile mkulima wa bondeni ajuavyo tabia ya mto, akauhamisha upande wake pale mto unapohama.

Kwa hiyo angalia kwamba hata aliyekisoma kitabu chote hajamaliza kukijua. Amejua nusu ya mwandishi. Nusu ya wachezaji haijatokea bado. Hukumu yake ni bora kuliko ya aliyetazama jalada, lakini bado ni hukumu ya ukingoni. Anayestahili kusema ni yule aliyekaa mezani Jumamosi nyingi, akaona safari ikitoka nje ya mipaka yake, na akaona kitabu kikisaidia au kikizuia. Hili ni fundisho la unyenyekevu kwa sisi sote tunaopenda kusema baada ya kurasa kumi.

Mzani wa pili ni mzito zaidi. Uliza: adui katika kitabu hiki ni nani, na kwa nini ni adui?

Nitakupa mfano wa kweli. Mwaka 2016 kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo ndiyo ichapishayo Dungeons & Dragons siku hizi, ilitoa kitabu cha safari kiitwacho Curse of Strahd. Wachezaji wengi walikipenda, na kwa haki. Lakini ndani yake mna watu wa kuhamahama waitwao Vistani, ambao walichorwa kwa masingizio yale yale ya kale wanayosingiziwa watu wa kabila la Roma huko Ulaya. Wengi walilalamika. Mwaka 2020 kampuni ilitangaza kwamba imeyarekebisha maneno hayo katika chapa mpya, na kwamba jamii ambazo michezo yake ilizifanya kuwa waovu tangu kuzaliwa zitaandikwa upya, ziwe na wema na wabaya ndani yake kama binadamu wengine.

Msomaji wa mbali aweza kuona kwamba huo ni ugomvi mdogo wa watu wenye nafasi. Msomaji wa Garsen hawezi kuona hivyo. Katika bonde la Tana, mkulima hukaa ukingoni kwa sababu ya udongo, na mfugaji huja ukingoni wakati wa kiangazi kwa sababu ya maji. Njia za mifugo za kuteremkia mtoni, ambazo huku huitwa malka, hupita kati ya mashamba. Panapokuwa na mapatano, mto huwatosha wote wawili. Mapatano yalipovunjika mwaka 2012, vijiji vilichomwa moto, na zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto. Yalikuwapo mambo ya ardhi, ya maji, na ya siasa, wala sisemi kwamba hadithi ndiyo iliyoua. Lakini nasema kwamba mtu hawezi kuichoma nyumba ya asiyemjua mpaka awe amemhukumu kabla ya kumjua. Mtoto aliyekuwa amelala ndani ya nyumba ile alikuwa amemkosea nani? Hukumu yake ilitolewa kwa jina la kabila lake, kama kitabu kinachohukumiwa kwa jalada.

Hapa swali letu dogo limekutana na swali kubwa. Moyo uliozoea kukihukumu kitabu kisichofunuliwa ndio moyo ule ule utakaomhukumu mtu asiyesemezwa. Na kitabu kinachomwambia mchezaji, "Hawa wote ni waovu, uwaue bila ya kuwauliza," kimemfanyia mchezaji hukumu hiyo tayari, kikamfundisha kuiona kuwa ushujaa.

Utasema, "Lakini huu ni mchezo tu, na mchezo hauna budi kuwa na adui; bila ya adui hakuna hatari, na bila ya hatari hakuna hadithi." Sehemu ya pili ya neno hili ni kweli kabisa. Simtaki mwandishi atutungie safari ya watu wema wanaosalimiana tangu mwanzo hata mwisho. Kitabu hicho kitatupwa, na kwa haki. Lakini adui aweza kuwa adui kwa tendo lake, si kwa kuzaliwa kwake. Kumbuka masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa anayesimuliwa hapa hapa penye mlango wa Tana, Kipini na Ozi, na ambaye Waswahili na Wapokomo kila mmoja humwita wao. Nani aliyemwua? Si kabila la mbali lenye sura mbaya. Ni mtoto wake mwenyewe, aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni kwa kushawishiwa na mtawala. Hadithi hiyo imeishi karne nyingi, na uchungu wake haujaisha, kwa sababu uovu wake una sababu: tamaa, woga na ahadi ya uongo. Mambo hayo kila mmoja wetu anayo nyumbani. Adui wa namna hiyo humfanya mchezaji afikiri. Adui wa kuzaliwa humfanya apige tu.

Ama sehemu ya kwanza, ya kwamba ni mchezo tu, nakujibu kwamba ndiyo maana naujali. Mezani mtu hujaribu kuwa mtu mwingine bila ya kulipa gharama. Mtoto wa mkulima aweza kumchukua mhusika mfugaji, akajikuta anatafuta maji kwa ng'ombe waliokonda, na kila ukingo una shamba. Mtoto wa mfugaji aweza kumchukua mhusika mkulima, akaamka na kukuta mpunga wa mwaka mzima umekanyagwa usiku mmoja. Katika mwaka 2012 vijana hawa ama walikuwa hawajazaliwa, ama walikuwa wadogo wasioweza kusimulia. Wameirithi habari hiyo kwa masikio, kila mmoja kwa upande wake, ikiwa imekwisha hukumiwa. Mahali gani pengine watakapoifungua bila ya kuumizana? Kitabu kinachowapa nafasi hiyo kina thamani kuliko jalada lake. Kitabu kinachowanyima, hata kikiwa na picha nzuri, kimewaibia Jumamosi zao.

Sasa twaweza kurudi kwa vijana wetu walionuniana. Nikiulizwa, nitawashauri wafanye mambo matatu. Kwanza, kila mmoja aandike katika karatasi anachokitumaini na anachokiogopa katika kitabu hicho, na sababu zake, kisha karatasi zifungwe mpaka siku kitakapofika. Pili, wasiache kucheza safari yao ya sasa kwa kukingoja kipya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Tatu, wakikipata, wakisome, wakicheze, ndipo wazifungue zile karatasi na kuona nani alikosea na kwa nini. Aliyekosea asichekwe. Kujua namna moyo wako ulivyokosea ni faida kubwa kuliko kupatia kwa bahati, kama vile dadu impatiavyo mjinga.

Nawe, msomaji, fanya hivyo hivyo katika yote unayoyangoja. Ngoja ukiwa na mizani mkononi, lakini sahani zake ziwe tupu. Kitabu kilichohukumiwa kwa uonevu hakiumii. Kitafunguliwa na mtu mwingine, nacho kitamwambia yale yale kitakayokuambia wewe. Jirani hayuko hivyo. Ukimhukumu kabla hajafika, huenda asije kabisa. Au aje na hukumu yake juu yako, na mto ukawa mwembamba kwenu nyote wawili.